Mhariri, sola kwenye boti ya kuishi sio pambo

Mhariri habari za kazi, natumaini wewe na wenzako hapo ofisini mko salama. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua huwa mnapenda barua fupi ila hii nimejaribu kuikata mara mbili nikaona naacha mambo ambayo mtu akiyakosa anaweza kuumia, kwahiyo naituma hivi hivi ilivyo.

Juzi msomaji mwenzangu aliandika hapa kwamba zile sola na vile vibanda vya turubai vinavyofungwa kwenye boti za tanga pale ghuba ya Msasani ni mapambo ya wenye hela, na kwamba baharia wa kweli anatosha na koroboi yake na macho yake. Mimi naishi kwenye boti hapo hapo Msasani, mwaka wa sita huu, mimi na mke wangu, na namjibu kwa heshima kabisa kwamba hapana ndugu yangu. Kuna kijana alivunjika mkono kwenye omo, yaani pua ya boti yangu, kwa sababu taa yangu haikuwaka, na tangu usiku ule sijawahi tena kuiita sola pambo.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 33, ya zamani, mwenyewe alikuwa mgeni nikawa namlindia na kumfanyia usafi, alipoamua kurudi kwao akaniuzia kwa malipo ya kidogo kidogo. Kabla ya hapo nilikuwa baharia kwenye majahazi, njia za Mafia na Kilwa, nimelala juu ya magunia ya nazi na nimefua maji ya ngama, yale yanayojaa chini ya chombo, kwa kopo mpaka mikono ikachubuka, kwahiyo huyu ndugu asidhani anaongea na mtu aliyezoea raha. Koroboi naijua vizuri sana, na najua upepo wa kusi unavyoizima.

Usiku wenyewe ulikuwa mwezi wa nne, masika imekolea. Wakati ule nilikuwa na paneli moja tu ya wati 80 imefungwa mbele ya mlingoti, betri mbili za lori, na taa ya nanga ya bulbu ya zamani ya wati 10 juu mlingotini. Wingu lilikaa siku nne, jua hatukuliona, mvua asubuhi mvua jioni, na mimi sikupiga hesabu yoyote, nikawa nawasha taa za ndani, tunachaji simu, feni inazunguka usiku kucha, nikidhani betri bado zina nguvu maana feni ilikuwa inazunguka. Bulbu ya wati 10 inakula karibu ampea moja, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri ni kama ampea saa kumi (ampea mara masaa) zimeondoka kwa taa moja tu, na betri ya lori haikutengenezwa kunywewa taratibu usiku kucha, imetengenezwa kupiga stata mara moja kwa nguvu alafu ichajiwe papo hapo. Usiku wa nne taa ikawa nyekundu nyekundu, alafu ikafa. Mimi nimelala.

Ilikuwa giza, yaani siku zisizo na mwezi, na wote mnaojua bahari mnajua giza ndo wakati wa dagaa, boti za dagaa zinatoka jioni zinarudi alfajiri. Saa tisa usiku tukasikia kishindo, mke wangu akaanguka kutoka kitandani, mi nikatoka na tochi nikakuta boti ya mbao ya injini imekwaa kwenye mnyororo wangu na omo yangu imewapanda ubavuni, na kijana mmoja kama wa miaka kumi na tisa ameshika mkono wake hauko sawa. Nahodha wao hakunitukana hata neno moja, alisema tu, "Mzee hatukuona kitu, giza tupu." Tuliwashusha, tukampeleka hospitali, nikalipia matibabu na nilipaswa kulipia. Sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, zile za mwaka 1972, zinataka chombo kilichotia nanga kiwe na taa nyeupe inayoonekana pande zote, na kwa boti kama yangu ionekane kutoka maili mbili. Mimi sikuwa nayo. Kosa lilikuwa langu na nalisema wazi.

Baada ya hapo nikakaa chini na daftari. Na hapa ndo nataka wasomaji wenye boti, wanaoishi humo na hata wanaolala humo siku mbili tatu za uvuvi, wanisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi wanaanza kwa kununua paneli na kumbe kazi inaanza kwa kuhesabu matumizi. Niliandika kila kitu kinachokula umeme na masaa yake. Friji ndogo ya volti 12 inavuta kama ampea nne mpaka tano ikiwa inanguruma, na kwa joto la Dar inanguruma karibu nusu ya siku, hapo ni kama ampea saa 50. Feni mbili ndogo, ampea saa 10. Taa za ndani nikabadilisha zote kuwa LED, zikashuka mpaka kama 5. Taa ya nanga nayo nikaweka ya LED, ile iliyokuwa inakula ampea saa 10 kwa usiku ikashuka mpaka 2 na kitu, na inawaka kali kuliko ya mwanzo. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ikiwa inasikiliza tu chaneli 16 ya wito na dharura haili sana, inakula ukibonyeza kuongea. Simu, pampu ya maji ya jikoni, vitu vidogo vidogo. Jumla ikaja kama ampea saa 85 kwa siku, na ukizidisha kwa volti 12 ni kama wati saa 1000 na kidogo, au tuseme yuniti moja ya umeme kwa siku nzima. Yuniti moja tu! Nyumba nyingi hapo mjini zinakula zaidi ya hiyo kwa pasi na jagi la kuchemshia maji.

Sasa ukishajua unakula yuniti moja unajua na paneli unazotaka. Dar jua la maana, lile ambalo paneli inafanya kazi kwa nguvu zake zote, unahesabu kama masaa matano kwa siku ya kawaida, alafu unakata robo au zaidi kwa ajili ya joto, vumbi la chumvi, waya na kivuli. Paneli inakadiriwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25, ila ikikaa juani hapa kwetu yenyewe inafika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja inayopanda inapunguza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4 ya nguvu, ndo maana paneli iliyogandishwa juu ya sitaha bila upenyo wa hewa chini yake inachemka na kutoa kidogo. Mimi nikaamua wati 400, paneli mbili za 200.

Na hapa nikapigwa. Nilikwenda kununua mjini, duka silitaji, nikapewa paneli imeandikwa wati 200 nyuma, karatasi nzuri inang'aa, bei ya kuvutia kabisa. Nikaifikisha botini, saa sita mchana jua kali wingu hakuna, nikaiunganisha na mita upande wa ampea, ikatoa nne. Paneli ya wati 200 ya aina ile inatakiwa itoe karibu kumi. Nikaanza kujiuliza ningejuaje pale pale dukani, jibu likaja kutoka kwa fundi mmoja mzee wa redio, akaniambia pima ukubwa. Jua kali la mchana linamwaga kama wati 1000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama asilimia 20 hivi kuwa umeme, zilizo bora kabisa zinazidi kidogo. Kwahiyo mita moja ya mraba ni wati 200 na kitu, basi. Yangu ilikuwa na urefu wa mita moja kwa upana wa nusu mita, yaani nusu mita ya mraba, haiwezi kuzidi wati 100 na kidogo hata jua lishuke chini tuliguse. Jamani nendeni na futi ya kupimia, piga urefu mara upana, zidisha kwa 200, ukiona kilichoandikwa nyuma kinazidi sana hiyo hesabu rudisha paneli, usibishane. Na wenye maduka naomba muwe na mita na sehemu ya wazi nje mteja apimiwe kabla ya kulipa, muuzaji mwaminifu hapotezi kitu hapo.

Kuhusu wapi pa kuziweka nataka kukaa kidogo kwa sababu hili sijaona mtu akiliandika na linahusu sisi hasa wa pwani hii. Boti iliyotia nanga inaelekeza omo kwenye upepo. Wakati wa kusi, mwezi wa sita wa saba, upepo unatoka kusini, omo inaangalia kusini, na jua la mchana wakati huo liko kaskazini yetu maana Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta na jua limekwenda zake huko juu. Maana yake jua liko nyuma ya boti, upande wa shetri. Njoo sasa wakati wa kaskazi, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, upepo umegeuka, omo inaangalia kaskazini, na jua nalo limehamia kusini yetu, kwahiyo liko tena upande wa shetri! Misimu yote miwili jua la saa sita linakaa nyuma. Paneli yangu ya kwanza ilikuwa mbele ya mlingoti, yaani miaka yote ile kivuli cha mlingoti na cha tanga lililokunjwa kilikuwa kinaiangukia saa zile zile ilizotakiwa kufanya kazi, na paneli ikipata kivuli hata cha upana wa mkono kwenye kipande kimoja inapoteza nguvu nyingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Nilivyozihamishia shetri, juu, zikiwa zimelala bapa, mambo yakabadilika siku hiyo hiyo. Bapa ni sawa kwetu, jua letu linapita karibu na utosi mwaka mzima, hata mwezi wa sita linapokuwa mbali kabisa bado mchana liko nyuzi 60 juu ya upeo, na boti inavyozunguka na maji kupwa na kujaa huna haja ya kuinamisha paneli upande wowote.

Ila kuziweka shetri juu kunahitaji kitu cha kuzibeba na hapo ndo sola ikakutana na kokipiti. Kwa wasiojua, kokipiti ni lile shimo la nyuma tunapokaa kushika kana ya usukani na kuvuta demani, ile kamba ya kuongozea tanga, ndo sebule, ndo jiko la jioni, ndo mahali pa lindo. Yangu ilikuwa wazi kabisa. Jua la Dar kuanzia saa nne mpaka saa kumi linakupiga kichwani, ukisafiri kutoka hapa kwenda Mafia mchana kutwa unashika kana huku unaona maruweruwe, na mtu mwenye maruweruwe anafanya maamuzi mabaya, nimeona mabaharia wazuri sana wakipandisha chombo mwambani kwa uchovu wa jua na sio kwa kutojua njia. Kwahiyo nikasema paneli zenyewe ziwe paa. Nilimpata fundi wa kuchomelea mtaa wa Gerezani, kijana makini sana, tukapinda mabomba ya stenlesi ya inchi moja yakawa matao mawili yamefungwa kwenye sitaha, juu yake fremu, juu yake paneli mbili, pembeni turubai la kushushia mvua ikija. Mwambie fundi wako anunue stenlesi ile ya 316, sio 304, zote zinang'aa dukani ila 304 baharini inaanza kutoa machozi ya kutu baada ya mda mfupi. Na pale fremu ya paneli ambayo ni aluminiamu inapogusana na stenlesi weka mpira katikati, vyuma viwili tofauti na maji ya chumvi vinakulana, aluminiamu ndo inaliwa.

Tulikosea kitu kimoja, na tulirudia. Mara ya kwanza paa lilikuwa juu sana, zuri la kusimama chini yake, tukasahau ule mti wa chini wa tanga kuu unaopita kutoka upande mmoja kwenda mwingine boti inapogeuka. Ungepiga paneli siku ya kwanza tu. Tukashusha paa mpaka nafasi ya karibu kiganja na nusu ibaki, na nikasogeza sehemu ya kufungia demani mbele ya kibanda. Sasa nikisimama nainama kidogo, sawa tu. Kwenye paa nimeacha kidirisha cha plastiki ngumu ya kuonea tanga, maana baharia asiyeona tanga lake anasafiri kwa kubahatisha. Na bolti zote zimepita mpaka chini na nati za kujifunga, hakuna klipu, hakuna waya wa kufungia, maana paneli mbili kwenye upepo wa kusi ni tanga la pili na likikatika linakwenda na kichwa cha mtu.

Betri nilipiga moyo konde nikanunua za lithiamu, zile zinazoandikwa LiFePO4, mbili za ampea saa 100. Zina bei mbaya, sifichi. Ila betri ya maji, kama zile za lori, ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu, kwahiyo ya 100 unatumia 50, na kwa matumizi yangu na siku mbili za wingu ningehitaji betri nyingi kiasi kwamba shetri ingezama kwa uzito. Za lithiamu unatumia asilimia 80 na zaidi bila kuziumiza na uzito wake hata nusu ya zile haufiki. Kuna mambo matatu ambayo muuzaji hakuniambia nikaja kujifunza mwenyewe. Usizifunge pamoja na betri ya maji kwenye mstari mmoja. Usizichaji moja kwa moja kutoka kwenye altaneta ya injini, zinavuta umeme kwa uchu mpaka altaneta inaungua, kuna chaja maalum inakaa katikati. Na volti zake hazisemi ukweli, betri ya maji ikipumzika ukisoma 12.7 unajua imejaa, 12.2 unajua iko nusu, ila hizi zinakaa kwenye 13 na kitu karibu safari nzima alafu zinazima ghafla, kwahiyo funga mita ya kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka. Mita hiyo ndo kitu ninachokiangalia kila jioni kabla ya jua kuzama, na ile siku ya masika ningekuwa nayo kijana wa watu asingeumia.

Waya sasa, na hapa naongea kwa uchungu kidogo. Fundi umeme wa nyumbani ni fundi mzuri wa nyumbani. Akija botini anakuletea waya wa ukutani wenye uzi mmoja mgumu, boti inatikisika usiku na mchana, uzi unakatika ndani ya mpira huuoni, au chumvi inaingia shaba inakuwa nyeusi, sehemu ile inapata moto. Umeme wa volti 12 unatembea na ampea nyingi, na ampea nyingi kwenye waya mwembamba ni moto, na moto kwenye boti ya faiba huna pa kukimbilia zaidi ya maji. Mimi kutoka kwenye paneli mpaka kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, nimepitisha waya wa milimita 10 za mraba wenye nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, na paneli nimeziunganisha sambamba ili moja ikipata kivuli nyingine isiathirike, kontrola ni ya MPPT, ile inayokamua paneli nguvu yote iliyopo, na kutoka hapo kwenda betri kuna fyuzi ya ampea 40 imekaa kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri. Fyuzi ikikaa mbali na betri, kile kipande cha waya kabla yake hakina mlinzi. Ningependa sana wenzetu wa VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wawe na darasa hata la wiki mbili la umeme wa vyombo vya majini, vijana wapo, kazi zipo Msasani, Kunduchi, Kigamboni mpaka Bagamoyo, na mimi niko tayari kuja kueleza ninachokijua bila kulipwa.

Mengine ya kokipiti ni madogo ila sitayapita kimya. Kamba zote za kupandishia na kupunguzia tanga nimezirudisha nyuma mpaka chini ya kibanda, usiku wa mawimbi hakuna mtu anayekwenda mbele tena. Matundu ya kutolea maji kokipiti yalikuwa ya kidole gumba, nimeyapanua, maana wimbi moja la nyuma likijaza shimo lile ni uzito wa watu wengi umekaa shetri kwa mara moja. Pampu ya ngama ya umeme ipo, ila pembeni ya kiti kuna pampu ya mkono ambayo unaivuta huku umeshika kana, umeme ukifa mkono haufi. Dira ina taa ndogo nyekundu isiyoumiza macho gizani. Na kuna boya la kuokolea lenye kamba liko mahali ambapo mke wangu analifikia akiwa amekaa, tulipima kwa mkono wake yeye, sio wangu.

Huyu ndugu msomaji atasema sawa, ila hizo hela ungenunua jenereta. Nilikuwa nayo. Kila jioni lita moja na nusu ya petroli mpaka mbili, kelele kwa majirani wote, makopo ya petroli yamekaa chini ya kiti ninacholalia mchana, na kubwa kuliko yote ni moshi wake, upepo ukigeuka unaingia chumbani kupitia mlango wa kokipiti na ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, unalala na huamki. Tuliwahi kuamka na kichwa kinauma sote wawili asubuhi moja ya maji mafu, upepo hakuna kabisa, na nilijua ni nini. Niliiuza wiki ile ile, nikamwambia aliyenunua aitumie nchi kavu, nje ya nyumba.

Na wala sisemi kila chombo kifungwe wati 400. Wavuvi wa dagaa wengi saizi wameacha karabai wanatumia taa za LED na betri, kwahiyo umeme tayari uko mikononi mwao, wanachokosa ni kutenga betri moja ndogo isiyoguswa na kitu kingine ila taa za njia, nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe juu. Paneli ya wati 50 inatosha kabisa kwa hilo na inabaki ya kuchaji simu na redio. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu anza na taa, friji itakuja mwaka mwingine, samaki tuliwakausha kwa chumvi miaka yote na tukala. Jahazi nalo, hata ngalawa inayovuka kwenda visiwa vya Bongoyo au Mbudya jioni, ina nafasi ya paneli ndogo na taa.

Yule kijana mkono ulipona. Tulibaki tunasalimiana, ananiita baba, na mwaka jana alipopata sehemu yake kwenye boti ya shemeji yake alikuja tukakaa kokipiti chini ya kivuli cha zile paneli, nikamchorea kwenye daftari waya unapita wapi na fyuzi inakaa wapi, paneli yake nikampimia mwenyewe kwa futi. Wiki iliyopita ilikuwa giza tena, mimi nimeamka saa kumi alfajiri kuangalia nanga, nikaona kwa mbali taa nyekundu na kijani zote mbili kwa pamoja, maana yake chombo kinanijia moja kwa moja usoni. Nikasimama nimeshika tochi. Ya kijani ikapotea, nyekundu ikabaki peke yake, nikajua ameshaiona taa yangu na amekata kulia, akapita mbali kabisa na mnyororo, na nilimsikia akiita "Baba, umeamka?" nikamjibu nimeamka.

Ni mimi msomaji wako,
Baharia wa Msasani,
Dar es Salaam.